Maua Katikati ya Mawe ya Kale

Juu ya kilima huko Ikoma, wilayani Serengeti, yamesalia magofu ya ngome iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Masika yanapokolea, majani hupanda hadi kwenye kuta zilizobomoka, na maua ya msimu huchungulia katikati ya mawe. Mgeni akifika hapo hupata maelezo mepesi: watu waliondoka, pori likarudi. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaruka hatua nyingi. Yapo majani ambayo mababu yake yalikuwa hapo kabla ya jiwe la kwanza kuinuliwa, ipo mimea iliyopandwa na wenyeji kwa makusudi, na ipo iliyovuka bahari kutoka nchi za Wamaya, watu wa Mexico na Guatemala ambao nao waliacha magofu makubwa yaliyomezwa na msitu. Anayetaka kuielewa historia ya ardhi hii, kutoka milima ya Tarime hadi mbuga za Serengeti, na Mto Mara ukipita katikati, ana haki ya kuuliza kila mmea ulifika lini na uliletwa na nani.

Kwanza tueleze kwa nini mimea hupenda mahame. Mahali palipolazwa ng'ombe kwa miaka mingi hubaki na samadi, na samadi ikishaoza huacha udongoni naitrojeni, fosforasi na kalsiamu kwa wingi kuliko mbugani. Majivu ya jikoni, mifupa na takataka za nyumbani huongeza rutuba hiyohiyo. Mawe nayo yana kazi yake, kwa maana ukuta uliolala chini hutunza unyevu, hutoa kivuli, huzuia kwato, na huukinga mmea na moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Ua la Gloriosa superba, lile lenye ndimi nyekundu na za njano zilizopinda juu kama moto, huishi chini ya ardhi katika kiazi chake miezi ya ukame, kisha hupanda na mvua. Kiazi kilichojificha chini ya jiwe kina usalama kuliko kilicho njiani kwa ng'ombe. (Ua hilo zuri lina sumu kali, hasa kwenye kiazi, na watoto hawapaswi kulichezea.)

Ushahidi wa zamani sana wa jambo hili hauko mbali na Serengeti. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na mwanaakiolojia Fiona Marshall, uliofanywa katika makazi ya kale ya wafugaji huko Narok, kusini-magharibi mwa Kenya. Makazi hayo yana umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Hakuna ukuta uliobaki hapo, wala jiwe la kupigia picha. Kilichobaki ni mabaka ya nyasi yenye kijani kilichokolea, yanayoonekana hata kwenye picha za setilaiti, kwa sababu udongo wa zizi la enzi hizo bado una rutuba kuliko udongo unaouzunguka. Wanyamapori huyapenda mabaka hayo na hurudi kuyalisha na kuyatia mbolea upya. Kwa hiyo mfugaji aliyehama miaka 3,000 iliyopita bado anapanga mahali swala atakapolala leo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya historia yetu, na inatufundisha kwamba mbuga inayosifiwa kuwa haijaguswa na binadamu iliguswa mapema sana.

Hatua ya pili ina mawe, na mfano wake bora uko ng'ambo ya mpaka. Msomaji wa Tarime akivuka Sirari, akapita Isebania hadi mji wa Migori, atakuwa amebakiza kilomita 46 kuelekea kaskazini-magharibi kufika Thimlich Ohinga. Hapo pana kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala chokaa, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa wastani wa mita moja. Inakadiriwa kwamba zilijengwa karne ya 16. Boma kuu huitwa Kochieng, na jirani zake ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Ujenzi wake unahitaji ufafanuzi, kwa sababu ukuta wa mawe makavu usiopangwa vizuri hauvuki masika mawili. Mafundi walisimamisha nyuso mbili za mawe makubwa, ya nje na ya ndani, kisha katikati wakajaza mawe madogo yaliyozishika nyuso hizo pamoja. Milango waliifanya mifupi na myembamba, yenye mawe marefu juu yake, hivi kwamba anayeingia hulazimika kuinama, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki.

Je, ni nani waliojenga? Jibu linalokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba waanzilishi walikuwa jamii za Kibantu, na kwamba Waluo walipofika baadaye walizikuta kuta, wakaishi ndani yake, wakazikarabati na kujenga nyingine. Utamaduni huo wa maboma ya mawe uliendelea katika bonde la Ziwa Victoria hadi katikati ya karne ya 20, na katika eneo la Nyanza Kusini watafiti wamehesabu maboma zaidi ya 500. Tusisahau kwamba mpaka unaopita Sirari uliwekwa na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yaliyochora mstari kutoka ziwani kuelekea Kilimanjaro bila kuuliza nani anaishi wapi. Mstari huo uliwagawa Wakuria sehemu mbili. Kwa mjenzi wa karne ya 16, Migori na Tarime zilikuwa nchi moja yenye milima ileile na mawe yaleyale.

Kuhusu sababu ya kujenga, maelezo ni mawili. La kwanza ni ulinzi: ng'ombe waliporwa, simba na fisi walikuwa wengi, na jamii mpya zilizidi kuingia. Milango ile mifupi inaliunga mkono. La pili ni kwamba ukuta uliwatambulisha waliomo, yaani ulionyesha ukoo ulipoanzia na kuishia, na nani ana haki ya kulala ndani. Hata mpangilio wa mazizi na nyumba ndani ya ukuta unafuata mahusiano ya nyumba za ukoo. Mimi naona maelezo haya hayagombani. Hofu huwakusanya watu mahali pamoja, lakini haiwafundishi namna ya kuishi pamoja kwa vizazi, na mawe ya Thimlich yalifanya kazi zote mbili. Kwenye jiwe mojawapo mna vishimo vya bao vilivyochongwa. Aliyevichonga alikuwa na saa za kukaa, na mtu wa kucheza naye.

Sasa turudi kwenye mimea. Ndani na kandokando ya kuta za Thimlich imesimama miti mirefu isiyo na majani ya kawaida, yenye matawi yaliyoinuka pamoja kama kinara cha taa, na utomvu mweupe unaoweza kupofusha jicho. Wataalamu huiita Euphorbia candelabrum. Waluo huiita bondo. Maua yake ni madogo ya manjano, huota kwenye kingo za matawi, na nyuki huyafuata. Swali ni hili: je, miti hiyo ni mabaki ya uzio uliopandwa na wakazi, au ilikuja yenyewe baada ya watu kuondoka?

Swali la namna hii liliwahi kuwashughulisha wanaochunguza magofu ya Wamaya. Mji wa Tikal, katika misitu ya Guatemala, ulikuwa na mahekalu makubwa na wakazi wengi, hadi mfumo wake ulipovunjika katika karne ya 9. Nguzo yake ya mwisho yenye tarehe ni ya mwaka 869. Msitu uliomea juu ya mji huo una miti mingi ya ramón, yenye mbegu zinazoliwa. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Dennis Puleston aliona kwamba miti hiyo imesongamana pale palipokuwa na nyumba, akapendekeza kwamba ni uzao wa bustani za Wamaya wenyewe. Pendekezo lilivutia, kwa kuwa lilieleza pia jinsi watu wengi vile walivyopata chakula. Lakini mwaka 1982 J. D. H. Lambert na J. T. Arnason walijibu kwamba ramón hupenda udongo mkavu wenye chokaa na vifusi vya mawe. Vifusi vya mahekalu vikampa mahali anapopapenda, basi akaota, awe alipandwa au hakupandwa.

Funzo la Tikal linaifaa Thimlich moja kwa moja. Bondo hupatikana pia kwenye vilima vya mawe vya Serengeti ambako hakuna aliyejenga, kwa hiyo kuuona umesimama juu ya jiwe hakuthibitishi kwamba ulipandwa. Kwa upande wa pili, mimea ya jamii hiyo ya utomvu imetumika muda mrefu kuzungushia miji ya Waluo, na ukuta wa mawe ulipoanza kuachwa, uzio wa mimea ndio uliochukua nafasi yake. Mti unaosimama peke yake juu ya kifusi huenda ulijileta. Miti iliyojipanga mstari mmoja kuufuata ukuta ni vigumu kusema ilijileta. Tofauti hii huonekana kwa macho, na mtembezi makini anaweza kuitafuta mwenyewe.

Hatua ya tatu ni ya misiba. Karibu na mwaka 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini-mashariki, ulifika katika nchi za maziwa na mbuga. Ng'ombe walikufa kwa makundi, na nyumbu na nyati walikufa pia. Njaa ikafuata, na ndui juu yake. Mwaka 1892 Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alivuka kutoka Ngorongoro kupitia Serengeti hadi Ziwa Victoria, akaandika habari za Wamaasai waliodhoofika kwa njaa. Katika miaka hiyohiyo ndipo funza wa miguuni, mdudu wa asili ya Amerika aliyefikishwa Angola mwaka 1872, alipovuka bara hadi upande wetu. Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Wataturu walihama, walitawanyika na kukusanyika upya.

Watu na mifugo walipopungua, vichaka viliongezeka. Wapo wanaosema sababu ni kukosekana kwa walaji wa majani na wachomaji wa nyasi. Wapo wanaotilia mkazo tembo, ambao nao walikuwa wamewindwa kwa ajili ya pembe katika karne ya 19, na hivyo miti haikuwa na wa kuiangusha. Sababu zote mbili zilifanya kazi kwa wakati mmoja, na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Lililo wazi ni matokeo: mbung'o walifuata vichaka, na mashamba mengi ya zamani hayakurudiwa. Mahame ya wakati huo hayana kuta. Hutambulika kwa mawe ya kusagia yaliyolala, vigae, na shubiri wenye maua mekundu ambao ndege wadogo waitwao chozi huwatembelea asubuhi.

Serikali ya Kijerumani iliingia katika nchi iliyokuwa bado inauguza majeraha hayo. Ilijenga Ikoma kwa sababu ilitaka kituo kati ya ziwa na mbuga za Wamaasai, mahali pa kukusanyia kodi na kusimamia amani aliyoitaka mkoloni. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, ngome ilipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Katikati ya mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Heinrich Naumann, kikiwa kinakimbizwa kutoka kusini, kilifika Ikoma, kikaishika ngome na kupigana hapo na Wabelgiji waliokuwa wakikifuatia. Wabelgiji walipata hasara, lakini Naumann hakukaa. Alisalimu amri kabla ya mwaka kwisha. Kuta zilizokusudiwa kuonyesha kwamba dola imekuja kukaa zilitumika kwa muda mfupi tu.

Enzi hiyohiyo ya Wajerumani ndiyo iliyoleta mmea wa Wamaya. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyonusurika safari hadi Tanga ilikuwa 62 tu, na ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Florida yenyewe ilikuwa imeupata mkonge katika miaka ya 1830 kutoka rasi ya Yucatán, kwa mkono wa Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani huko Campeche. Kuhusu asili yake ya awali kuna mabishano. Jina la mmea linatokana na bandari ya Sisal iliyoko Yucatán, na kwa muda mrefu ilidhaniwa ndiko kwao. Wataalamu wa mimea wa baadaye waliona dalili zinazoelekeza Chiapas, kusini zaidi. Kwa msomaji wetu mabishano hayo hayabadilishi kitu, maana pande zote mbili ni nchi ya Wamaya.

Mkonge haukubaki Tanga. Uliletwa Kanda ya Ziwa ukawa uzio wa mashamba na mazizi, na kando ya barabara za Mara bado utauona umepangwa mstari, miiba nje. Baada ya miaka kadhaa hutoa mlingoti mrefu wenye maua ya kijani-manjano, kisha hufa. Jambo la thamani kwa mwanahistoria ni kwamba mkonge kwa kawaida hauzai mbegu. Huzaliana kwa maotea ya shinani na kwa vimiche vinavyochipua kwenye mlingoti, ambavyo huanguka hapohapo. Ndege haubebi, upepo haupeperushi mbali. Kwa hiyo ukiukuta mkonge katikati ya pori, yupo aliyeupanda hapo au karibu na hapo, na alifanya hivyo baada ya mwaka 1893. Ni mimea michache sana inayotoa ushahidi ulionyooka namna hiyo.

Wageni wengine kutoka upande uleule hawana adabu ya mkonge. Lantana camara, mwenye vishada vya maua ya rangi mbili na majani yenye harufu kali, ni wa Amerika ya joto. Alisambazwa duniani na wapenda bustani, na sasa ndege humla na kumwaga mbegu zake kila penye kichaka. Tithonia, alizeti mwitu yenye maua makubwa ya manjano, ni ya Mexico na Amerika ya Kati. Nayo ililetwa kama pambo, ikawa uzio, ikatoroka. Katika miaka ya 1990 watafiti magharibi mwa Kenya walionyesha kwamba majani yake yana naitrojeni na fosforasi ya kutosha kutumika kama mbolea ya mahindi, na mahindi yenyewe asili yake ni Mexico. Mkulima anayefukia majani ya tithonia chini ya mahindi, kwenye shamba linalopakana na ukuta wa karne ya 16, ameikutanisha mimea miwili ya nchi moja bila kukusudia.

Mwaka 1951 Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa. Mipaka ilirekebishwa mwaka 1959, na katika miaka ya 1960 eneo la Lamai, kaskazini mwa Mto Mara, likaongezwa. Hatua hizi zililinda wanyama, na pia ziliwatenga wazee wa Ikoma, Nata, Ngoreme na Wakuria na mahame yao. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyeandika kitabu kuhusu watu wa Serengeti magharibi mwaka 2007, alitembea na wazee hao na kusikia wakitaja vilima, chemchemi na miti kwa majina, kila jina likiwa na ukoo wake na matukio yake. Baadhi ya mahali hapo ni pa mizimu, ambapo mila ilikataza kukata mti. Kwa hiyo kichaka kinachoonekana kuwa cha asili tupu huenda kilihifadhiwa na mwiko kabla ya kulindwa na sheria.

Mgeni wa mwisho kufika ni gugu karoti, mwenye vijiua vidogo vyeupe na jina la kitaalamu Parthenium hysterophorus. Naye ni wa Amerika ya joto. Aliripotiwa Arusha mwaka 2010, na miaka hiyohiyo alikuwa ameonekana katika eneo la Maasai Mara, akisafiri na magari na matope ya magurudumu. Huwasha ngozi, huleta matatizo ya kupumua, na ng'ombe hamtaki. Akiota kwenye lango la gofu, ni dalili kwamba magari ya watalii yamepita hapo katika miaka ya karibuni.

Kinachobaki ni kazi ya wanaotunza kuta. Thimlich Ohinga iliwekwa kwenye orodha ya mambo ya kale yaliyo hatarini ya World Monuments Watch mwaka 2000, na mwaka 2018 ikaingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia. Ukuta usio na chokaa unasimama kwa uzito na mpangilio wa mawe yake tu, na mzizi unaonenepa katikati ya nyuso mbili husukuma mawe hadi ukuta utapike kifusi chake. Kung'oa kila kinachoota si jibu, kwani mzizi ukivutwa kwa nguvu hutoka na jiwe. Lantana na gugu karoti ningeviondoa bila kusita, vikiwa bado vidogo. Gloriosa na shubiri havina nguvu ya kubomoa, viachwe. Bondo ulio ndani ya ukuta ukatwe taratibu kuanzia juu, shina lake libaki lioze mahali pake. Ule uliojipanga nje ya ukuta usiguswe mpaka atokee mtu wa kuupima umri.

Ngome ya Ikoma ina shida tofauti, kwa kuwa wapitao huitazama kama kituo kifupi njiani kuelekea lango la hifadhi linaloitwa kwa jina lake. Anayepanda kilimani apande baada ya mvua, avae viatu vya kufunika vidole, na aangalie anapokanyaga, kwa maana nyoka nao hupenda mawe yenye jua. Aende na mzee wa Waikoma au mwongozaji wa huko, amuulize majina ya mimea kabla ya kuuliza habari za Wajerumani.